Moshi Mweusi Juu ya Ukungu

Mpendwa Baba,

Leo asubuhi nimesimama mahali pako, kando ya pipa, mwisho wa kiwanja cha misheni, na kwa muda wa pumzi chache niliamini kwamba nimeua mtu. Mikono yangu bado inanuka mpira ulioungua. Nimenawa na kunawa kwa sabuni ya mche, harufu haitoki. Nimekaa jikoni kwako, kwenye kile kigoda ulichokataza wengine wasikikalie, nakuandikia kabla harufu hiyo haijatoka. Ikishatoka nitaanza kuandika kwa adabu, na adabu ndiyo iliyotufanya mimi na wewe tusimalize mazungumzo yetu.

Unajua ni mazungumzo gani. Ni yale uliyokuwa ukiyakata kwa kuinua kiganja. "Yameisha, Skola. Moshi wangu ulichelewa. Usinifariji." Kisha unaomba chai.

Hayakuisha, Baba. Ulikwenda nayo kaburini msimu uliopita wa baridi, na mimi nikabaki na nusu yangu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana kiganja hukiinui tena.

Nianze na mazuri, kwa kuwa yalikuwepo. Ulikuwa mkulima wa viazi uliyelima huku unaangalia mbinguni. Mama alikuwa akisema ndiyo sababu matuta yetu yalipinda kuliko ya jirani. Jogoo wako mzee ulimwita Dakota, kama zile ndege za zamani, kwa sababu alikimbia uwanja mzima kabla ya kunyanyuka. Kanisani, mahubiri yakiwa yamekolea, ndege ikipita juu ya bati ulininong'oneza: "Sesna. Injini moja. Inaumwa kifua." Mama alikufinya paja, nawe ukainamisha kichwa kama mtu anayesali, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Paroko alipotafuta mtu wa kutunza kiwanja cha nyasi, ambako ile ndege ndogo ya wagonjwa ilikuwa ikitua, hukumwacha amalize sentensi. Ulifukuza ng'ombe, ukapaka chokaa mawe ya pande mbili, ukaziba mashimo ya fuko. Mfuko wa kuonyesha upepo ulichanika na haukuletwa mwingine, basi ukaweka pipa. Majani mabichi ya msindano juu ya moto yalitoa moshi mweupe, na rubani akajua upepo unatoka wapi. Kama kuna jambo baya uwanjani, ng'ombe au mtu au tope, ulitupia kipande cha tairi na oili chafu, na moshi ukawa mweusi. Ulinifundisha nikiwa sijafika hata kiunoni kwako. "Mweupe?" Nami nasema: "Karibu." "Mweusi?" "Pita." Ukanirudisha tena, kama katekisimu, mpaka nikaiota lugha hiyo ya moshi usingizini. Marubani wa misheni nao waliijua. Wageni hawakuijua, lakini wageni walikuwa hawaji.

Mpaka zilipokuja ndege za zamani.

Wewe ndiwe uliyesikia redioni kwamba wazungu kadhaa wanavuka Afrika kwa ndege za enzi za babu zao, na kwamba tatu zitatua Makambako na kuonyesha watu michezo ya angani. Wiki ile ilikuwa ya maandalizi ya kipaimara, askofu alikuwa anakuja Jumapili. Alhamisi akina mama wa parokia walifua vitambaa vyote vya altare na kanzu nyeupe, na mimi, fundi cherehani wao, nilikuwa pamoja nao. Unajua desturi yetu: nguo ya kanisa haianikwi kwenye kamba. Inatandazwa juu ya nyasi, inanyunyiziwa maji, inaachwa mpaka umande uing'arishe, usiku baada ya usiku. Mama Kristofa alikuuliza tutandaze wapi.

"Tandazeni kule mteremkoni," ulisema. "Huku kiwanjani ng'ombe wa Mzee Lukasi watawakanyagieni."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili zake. Tulizitandaza safu mbili ndefu, tukiacha njia katikati ya kupita na beseni la maji. Mimi mwenyewe nilizinyoosha pembe.

Ijumaa tulikwenda Makambako. Ulivaa koti la harusi yako. Shangazi alitoka Lyamkena kutupokea, akiwa na mwavuli, akasema amekuja kuona hao vichaa. Ulimwengu mzima ulikuwa pale kiwanjani, wauza mahindi ya kuchoma, wanafunzi, bodaboda wamesimama juu ya viti vyao. Ndege ya njano ilipopanda wima, ikasimama angani kana kwamba imesahau ilichofuata, kisha ikaanguka kwa ubavu, Shangazi alifunika uso kwa mwavuli na kupiga kelele, "Mwambieni ashuke! Ana mama yake huyo!" Nilikutazama wewe. Ulikuwa umeng'ata kofia yako. Ndege ikajikusanya, ikapita juu yetu karibu kabisa, mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na machozi yalikuwa yanakutoka bila wewe kuyajali.

Ilipotua ulizunguka ile ndege mikono ikiwa mgongoni, hukuigusa. Mimi ndiye niliyeigusa. Mabawa yalikuwa ya kitambaa, Baba, kitambaa kilichoshonwa kwa mkono na kupakwa rangi, na mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Rubani alikuwa mzee mwembamba aliyejiita Henriki. Mama yake aliwahi kuwa nesi kwenye misheni yetu, naye alizaliwa hapo hapo, kwa hiyo kesho yake alitaka kuja, bila wenzake, kutua kwenye kiwanja chako. Kiswahili chake kilikuwa cha kitoto, maana alikiacha akiwa mtoto.

"Mzee," alikuambia, "kiti cha mbele hakina mtu. Kesho twende wote nyumbani."

Ulicheka. Halafu ukakitazama kile kiti. Ulikuwa umezisubiri ndege maisha yako yote, na ulikuwa hujawahi kukaa ndani hata ya ile ya wagonjwa.

"Na pipa atawasha nani?" ulisema mwishoni. "Asubuhi kuna ukungu siku hizi." Ukanishika bega. "Mchukue binti yangu. Yeye anaijua njia kama mimi."

Jioni ulipanda basi la Njombe, nami nikalala kwa Shangazi, ambaye alinisalia rozari nzima kwa sauti ili nisikie.

Sasa nakuja pale ulipokuwa unainua kiganja.

Tuliondoka Makambako jua limeshachomoza. Nilikaa mbele, Henriki nyuma yangu, vichwa vyetu nje, upepo unatukata mashavu. Hakuna kusemezana. Injini ilikuwa inameza kila kitu, hata nilipoimba sikujisikia. Kwa muda nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kabla wala baada. Niliona barabara ya lami, misitu ya mbao, mashamba ya maparachichi yaliyopangwa vizuri kuliko matuta yako. Nikawa nakuhifadhia yote ili nije kukusimulia.

Kisha tukafika kwetu, na kwetu hapakuwepo.

Ukungu ulikuwa umejaa bondeni na kupanda mpaka juu. Mnara wa kanisa peke yake ulikuwa umechomoza. Nilitafuta moshi wako mweupe na nikajua mara moja kwamba siwezi kuuona, maana mweupe ndani ya mweupe unapotea. Henriki alizunguka mara moja, akazunguka tena. Nilimwona kwenye kioo kidogo akiangalia kipimo cha mafuta, na hakuwa anatabasamu tena.

Hapo ukungu ukapasuka upande wa mashariki. Chini yake nyasi za kijani, na juu ya nyasi safu mbili nyeupe, zimenyooka, zimeachana sawasawa.

Henriki alinionyesha kidole gumba na kuinamisha pua ya ndege.

Nilitaka kufurahi pamoja naye. Lakini nilikumbuka kitu. Mawe yako yako magharibi ya kanisa, nilijiambia. Halafu nikajiambia, juu huku unajua magharibi ni wapi, wewe mshona magauni? Tulikuwa tumezunguka, kichwa changu kilikuwa kinazunguka bado. Huenda yalikuwa mawe. Huenda zilikuwa kanzu. Nilitikisa kichwa kumwambia hapana, naye akaninyooshea mkono na kunipigapiga begani, jinsi mtu anavyomtuliza abiria mwoga. Tukazidi kushuka. Ule mteremko unaishia wapi unajua: kwenye korongo, pale tulipomtolea ndama aliyevunjika.

Sikuwa na hakika, Baba. Hili ndilo hukuniachia nikuambie. Nusu yangu ilikuwa imeshakubali kwamba ni mawe, na mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa kiti kusubiri magurudumu yaguse chini.

Ndipo ulipotokea. Mkono wa kushoto, ng'ambo ya kanisa, kitu cheusi kilitoboa ukungu kikasimama wima. Kilikuwa chembamba mwanzoni, kikanenepa, kikapanda. Hakuna mtu anayechoma takataka asubuhi ile mbichi. Ulikuwa wewe. Nikajua kiwanja kiko pale chini ya moshi, kwa hiyo huku tunakoelekea siko. Na nikasikia sauti yako, kabisa, kana kwamba uko kiti cha nyuma: "Mweusi?"

"Pita!" nilipiga kelele. "Pita! Pita!" Nilinyoosha mkono wangu wote wa kushoto kuelekea ule moshi na sikuushusha. Upepo ulitaka kuuvunja. Mkono wa kulia nikawa napiga ubavu wa ndege kama napiga mlango wa nyumba inayoungua. Henriki aliutazama mkono, akatazama ulikoelekea, akarudisha macho mbele. Nadhani hapo ndipo alipoliona beseni la bluu la Mama Kristofa, limekaa katikati ya uwanja wake.

Injini ililia. Pua ikainuka. Tulipita juu ya nguo za kanisa karibu mno, zikapeperuka nyuma yetu, na nikaliona korongo likipita chini ya miguu yangu, wazi, lenye mawe.

Tulizunguka juu mpaka ukungu ukalegea na mawe yako ya chokaa yakaonekana. Alitua bila tatizo. Watu walikimbilia ndege, wakapiga vigelegele, hawakuwa wanajua lolote. Wewe hukuja. Nilikukuta umekaa chini kando ya pipa, uso mweusi kwa masizi, kofia ikiwa magotini.

"Umeshuka?" uliniuliza.

"Nimeshuka, Baba."

Ulinishika kifundo cha mkono, hukukiachia. Henriki alikuja akakuambia sasa ni zamu yako, akuzungushe angalau juu ya kanisa. Ulimjibu kwa heshima: "Ahsante, bwana. Mimi nimepaa vya kutosha leo."

Wiki iliyofuata ulimrudishia Paroko ufunguo wa kibanda cha vifaa. Pipa ukalikokota mpaka nyumbani likawa la chakula cha nguruwe. Ndege ikipita ulikuwa unaangalia viazi. Jogoo Dakota alipokufa hukumpa mwingine jina. Nilijaribu kukueleza, kwa upole, kwa hasira, nikiwa nimekuletea pombe ya ulanzi, nikiwa nimekuletea dawa. Ulikuwa na jibu lile lile.

"Nilisikia injini iko upande wa mteremko, nikatupa tairi. Moshi ukalala. Ulikuwa unanizunguka miguu, Skola, haujafika hata magotini, na nikasikia ile injini imeshalia inapanda. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema nguo zitandazwe pale, mimi ndiye niliyekupandisha kwenye kile kiti, na moshi wangu ulichelewa. Mungu ndiye aliyekutoa. Usinifariji."

Ulikuwa unasema ulichokiona. Mimi nilikuwa nasema nilichokiona. Mmoja wetu alikuwa anasema uongo kwa mapenzi, na uliamini ni mimi. Hilo liliniuma, Baba. Linaniuma hata sasa.

Baada ya mazishi nililichukua pipa. Nililisugua, nikalirudisha kiwanjani, nikamwambia Paroko kwamba fundi cherehani anaweza pia kufukuza ng'ombe. Ndege ya wagonjwa bado inakuja mara moja moja. Na mwezi uliopita Henriki alituma salamu kwamba anarudi na ile ya njano, safari hii kuzuru kaburi la yule mzee wa moshi. Nilimfundisha kwa simu. Mweupe karibu, mweusi pita. Alirudia kama mimi zamani.

Alisema atafika saa nne, ukungu ukiwa umeondoka. Leo saa mbili nilikuwa bado napanga majani nikaisikia. Amewahi, nadhani aliogopa mvua ya mchana. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata mawe ya upande wa pili. Hilo lisingenitisha, angezunguka. Kilichonitisha ni sauti. Niliwasikia watu. Parokia nzima ilikuwa imeamka mapema kuona ndege, na kwa kuwa hawakuona kitu walikuwa wanatembea katikati ya kiwanja, wanaitana, wanaimba, watoto wamebebwa mgongoni.

"Tokeni!" nilipiga kelele. "Tokeni uwanjani!"

"Kamwene, Skola!" Mama Kristofa alinijibu kwa salamu kutoka mahali fulani ndani ya ukungu, kwa furaha kabisa. "Imefika?"

Injini ilibadilika sauti. Ulinifundisha sauti hiyo. Alikuwa ameona mwanya mahali fulani, anapunguza, anashuka. Nilitupa tairi. Nikamwaga oili yote, pamoja na kopo lake. Moto ukafuka, ukasongwa, na moshi ukatoka, ukainama, ukalala. Ulilala, Baba! Ukanizunguka miguu. Niliupepea kwa khanga yangu huku nalia, nainua macho sioni kitu ila weupe. Injini inakuja, watu wanaimba, moshi uko chini ya magoti yangu. Nikasema kwa sauti, "Nimechelewa."

Na papo hapo injini ikalia, ikapanda, ikapita juu ya vichwa vyetu na kwenda zake.

Nilikaa chini. Nadhani nilikaa pale pale ulipokaa wewe. Mama Kristofa na wenzake walipisha uwanja kwa kukimbizana, ukungu ukaondoka taratibu, nikatia majani mabichi, na Henriki akatua. Amezeeka, anashuka kwenye ndege kwa kushikiliwa. Nilimfuata kabla hajavua kofia, nikamuuliza alijuaje kuna watu.

"Watu?" alisema. "Watu sikuona. Niliona moshi. Mweusi, nikapita."

"Haiwezekani," nilimwambia. "Moshi ulikuwa umelala. Ulikuwa hapa." Nikamwonyesha magoti yangu.

Alinitazama kana kwamba ninamtania. "Dada, ulisimama juu kama mlingoti. Niliuona kabla sijafika kanisani. Kama siku ile."

Baba, unasikia? Anayewasha haoni. Ule unaolala miguuni ni wa nyuma, uliopoa. Wa kwanza, wenye moto, umeshatoboa umekwenda, na ukungu unakuficha usiuone ukienda. Ulikuwa unaangalia magoti yako wakati moshi wako umeshanifikia. Tulikuwa tunasema kweli wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukungu, na tukaumizana kwa miaka.

Tulikwenda kaburini pamoja, yeye na mimi na Mama Kristofa. Henriki aliinama. Alichukua udongo kidogo akaupaka kwenye kidole, akaenda akaupaka kwenye ubavu wa ndege, chini ya kiti cha mbele, pale nilipokuwa nikipiga siku ile. Ameniambia kesho asubuhi, ukungu ukiisha, kiti hicho ni changu kama nakitaka. Tangu siku ile sijapanda kitu chochote kinachoacha ardhi. Nimemwambia nitapanda. Nitavaa kofia yako, ile uliyoing'ata Makambako, alama za meno bado zipo.

Mama Kristofa nimemwachia pipa. Nimemwuliza, "Mweupe?" Amejibu, "Karibu." Nimemrudisha mara nyingi, mpaka akaniambia nimekuwa kama wewe.

Pumzika sasa, Baba. Angalia juu kama zamani, ukimaliza kuangalia angalia tena.

Niliuona moshi wako. Sikufariji.

Binti yako niliyeshuka,
Skola